Ugali, wali au chapati: mkimbiaji wa masafa marefu ale kipi, na saa ngapi

Uliza kikundi chochote cha jogging, Dar es Salaam au Eldoret, chakula gani kinampa mtu mbio. Utaambiwa ugali, ndizi, uji wa lishe, na siku hizi jeli za kufinyia mdomoni. Karibu majibu yote ni sahihi, ila kila moja lina saa yake. Ugali wa dona unaokujenga Jumanne mchana ndio unaokutafutia msala kilomita ya 18 Jumapili asubuhi. Kwa hiyo hapa vyakula vimelinganishwa kwa wakati wa kuliwa, na vipimo vyote ni vya mkimbiaji wa kilo 60. Mwenye kilo 75 aongeze robo, mwenye kilo 50 apunguze kama moja ya sita.

Misuli na ini huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni. Ghala hilo likijaa linabeba gramu 400 hadi 600 hivi, akiba ya kukimbia kwa kasi kama dakika 90 hadi saa mbili. Mafuta ya mwili ni mengi kuliko tunavyotaka, lakini huungua polepole mno kwa mtu anayeshindana na saa. Ndiyo maana wanga ndiyo mada kuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji wa kiwango cha juu wa Kenya ulikuta zaidi ya robo tatu ya nishati yao inatokana na wanga: karibu robo ya nishati yote kutoka kwenye ugali, na kama moja ya tano kutoka kwenye sukari, nyingi ikiwa ya chai. Hakukuwa na siri ya jikoni.

Siku mbili na usiku wa kuamkia mbio

Kujaza ghala kuna maana kwa mbio za zaidi ya dakika 90, yaani marathoni kwa kila mtu na nusu marathoni kwa wengi wetu. Kwa kilomita 10 mlo wa kawaida unatosha. Anayekula sahani tatu kwa ajili ya kilomita 10 anabeba uzito bure. Kipimo ni gramu 8 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa saa 36 hadi 48 kabla ya mbio. Kwa kilo 60 hiyo ni gramu 480 hadi 600 kila siku. Kosa la kawaida ni kutaka kumaliza zote kwa mkupuo usiku wa mwisho. Mtu analala tumbo limemjaa, anaamka limevimba, na chakula kiko tumboni bado.

*Wali mweupe* ndio chaguo salama kwa matumbo mengi. Gramu 100 za wali uliopikwa zina wanga gramu 28, nyuzinyuzi karibu hakuna, mafuta karibu hakuna. Lakini wali mweupe ni wali mweupe. Wali wa nazi, pilau na biriani ni vyakula vingine kabisa kwa hesabu hii: tui na mafuta hukifanya chakula kikae tumboni muda mrefu, na viungo vikali huwasumbua wengi asubuhi yake. Watu wa Pwani wanalijua jaribu hili vizuri kuliko sisi tunavyoweza kulieleza.

*Ugali wa sembe* unaufuata kwa karibu sana: gramu 25 hadi 30 za wanga kwa kila gramu 100, kutegemea umesongwa mgumu kiasi gani. Faida yake ni kwamba tumbo lililoulea ugali toka utotoni halina maswali nao. Shida yake ni mboga. Ugali hauliwi mkavu, na kinachousindikiza ndicho huleta matatizo: sukuma wiki au kisamvu kwa wingi, maharage, nyama ya kukaanga. Usiku huo weka mchuzi mwepesi wa samaki au kuku asiye na ngozi, na majani vijiko viwili tu kwa ladha.

*Ugali wa dona* una nyuzinyuzi mara kadhaa zaidi ya sembe iliyokobolewa vizuri, kwa sababu pumba na kiini vimebaki. Siku za kawaida hiyo ni sifa, na tungeuchagua dona wiki nzima. Siku mbili kabla ya mbio uweke kando.

*Chapati* hudanganya. Moja ya gramu 80 ina wanga gramu 35 hadi 40, hesabu nzuri tu, lakini imekunywa mafuta gramu 6 hadi 10 kulingana na mkono wa mpishi. Tatu zina hadi gramu 30 za mafuta. Ziliwe mchana wa siku iliyotangulia, si usiku.

*Viazi vitamu* vina wanga gramu 20 hivi kwa gramu 100, pamoja na nyuzinyuzi za kutosha. Ukitaka gramu 500 za wanga kutoka kwenye viazi vitamu peke yake utakula kilo mbili na nusu, na hakuna tumbo litakaloshukuru. Viazi mviringo vya kuchemsha ni afadhali kidogo. Chipsi hapana.

*Makande*, au githeri kwa ndugu wa Kenya, ni chakula bora cha siku za mazoezi: wanga na protini sufuria moja, bei ndogo. Lakini maharage yana sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng'enya, bakteria wa utumbo mpana huzichachusha, na gesi yake huwezi kukimbia nayo kwa saa tatu.

Siku ya kujaza inaweza kwenda hivi. Asubuhi slesi nne za mkate mweupe, vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vidogo vitatu vya sukari kila kimoja, na ndizi mbivu mbili: kama gramu 130. Mchana nusu kilo ya wali uliopikwa na glasi ya juisi: gramu 170. Saa kumi chai na slesi tatu zenye jemu: 65. Usiku, ikifika saa 1, nusu kilo ya wali au ugali wa sembe: 135 hadi 140. Jumla inafika 500. Mizani itapanda kilo moja hadi mbili, usishtuke. Kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu tatu hivi za maji, na maji hayo utayahitaji.

Asubuhi: tumbo tupu, chai, uji au mkate

Wakimbiaji wengi wa kambi za mazoezi za Iten na Kaptagat, Kenya, hutoka saa 12 asubuhi bila kula, au baada ya kikombe cha chai tu, kisha hupata kifungua kinywa wakirudi. Kwa mazoezi mepesi ya chini ya saa moja hilo halina ubaya. Wanaowaiga husahau mambo mawili: wale wenzetu walikula ugali mwingi usiku, na siku ya mashindano hawaendi tumbo tupu.

Usiku ini hutumia sehemu kubwa ya wanga wake kuulisha ubongo. Misuli inaamka imejaa, ini limepungua, na kifungua kinywa kazi yake ni kulijaza. Kwa mbio za saa 12:30 asubuhi, kula kati ya saa 9:30 na 10:30 za alfajiri, gramu 90 hadi 120 za wanga. Anayeshindwa kuamka mapema hivyo ale gramu 60 saa moja kabla, chakula laini au cha kunywa.

Mkate mweupe na chai ya rangi unashinda kwa urahisi wa kuhesabu. Slesi nne ni gramu 55, vijiko vikubwa viwili vya jemu ni 26, vijiko vidogo vitatu vya sukari ni 12. Umefika 93 bila sufuria. Siagi paka kidogo sana. Kwa nini chai ya rangi na si ya maziwa? Kwa sababu watu wazima wengi hawameng'enyi laktosi, yaani sukari ya maziwa, vizuri. Siku ya kawaida hawaoni chochote, ila mwendo wa mbio ukianza kutikisa utumbo ndipo wanaona.

Uji mwepesi ni mzuri vilevile, na kwa asiyeweza kutafuna alfajiri ndio bora. Gramu 60 za unga wa sembe na vijiko vikubwa vitatu vya sukari katika mililita 600 hivi za maji hukupa wanga gramu 80, na umekunywa maji humohumo. Hapa tuseme wazi: uji wa lishe, ule wenye karanga, soya na nafaka tano, si uji wa siku ya mbio. Karanga na soya huleta mafuta, protini na nyuzinyuzi, vitu vitatu vinavyochelewesha tumbo kumwaga chakula kwenye utumbo. Mtoto anayekua, sawa. Wewe jioni baada ya mazoezi, sawa. Saa mbili kabla ya kukimbia, hapana. Uji wa ulezi uko katikati. Una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine za kwetu lakini nyuzinyuzi pia zimo; ujaribu kwanza kwenye mbio ndefu za Jumamosi.

Mandazi, vitumbua na sambusa vinauzwa kila kona saa hiyo hiyo unapotoka. Vyote vimetoka kwenye karai la mafuta. Vipite.

Ndizi chagua iliyoiva mpaka ina madoa meusi. Ndizi yenye ukijani bado ina wanga usiomeng'enyeka kwa urahisi, na huo huishia kwenye gesi.

Njiani

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea na ndipo makosa mengi hutokea. Chini ya saa moja, maji yanatosha, na pengine hata hayo huyahitaji. Saa moja hadi mbili na nusu, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Zaidi ya hapo, waliozoeza tumbo hufika gramu 90. Eliud Kipchoge, aliyelelewa kwa ugali kama wengine, alipokimbia kilomita 42.195 kwa 1:59:40 jijini Vienna mwaka 2019, alikuwa akipokezwa vinywaji vya wanga njia nzima.

Linganisha mililita 500 za kila kinywaji:

| Kinywaji | Wanga (gramu) | Sodiamu (miligramu) |
|---|---|---|
| Maji | 0 | karibu 0 |
| Madafu | 15–25 | hubadilika, mara nyingi kidogo |
| Soda ya kola | 53 | kidogo sana |
| ORS | chini ya 7 | 860 |
| Kinywaji cha michezo cha dukani | 30–40 | 200–250 |
| Mchanganyiko wa nyumbani | 30 | 300 |

ORS ilitungwa kwa ajili ya mgonjwa wa kuhara. Ina chumvi nyingi, na sukari ya kusaidia tu chumvi hiyo kufyonzwa. Kama chakula cha njiani haitoshi hata robo. Itumie baada ya mbio za jua kali ikiwa umetoka na ramani nyeupe za chumvi kwenye fulana.

Madafu yana sifa kubwa kuliko kazi yake. Potasiamu imejaa, lakini jasho hutoa zaidi sodiamu, na sukari yake ni nusu ya unayohitaji. Ni kinywaji kitamu cha kukata kiu baada ya mbio. Ukiyataka njiani, ongeza vijiko vikubwa viwili vya sukari na chumvi ncha ya kisu katika nusu lita.

Soda ikinywewa ilivyo ina sukari nzito mno: takriban gramu 10.6 kwa mililita 100. Utumbo hulazimika kuvuta maji ndani yake kwanza ili kuizimua, na hapo ndipo kichefuchefu na kuhara huanzia. Ifungue usiku gesi itoke, changanya nusu kwa nusu na maji, na utapata kitu kinachokaribia kabisa kinywaji cha michezo kwa bei ya genge.

Mchanganyiko wa nyumbani ndio tunaoupendekeza kwa mazoezi yote marefu. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vikubwa vitano vya sukari vilivyosawazishwa (gramu 60), robo kijiko kidogo cha chumvi (gramu 1.5), na maji ya nusu ndimu. Vijiko vya kufurika vitakupa gramu 90 au zaidi, na umerudi kwenye tatizo la soda. Kama una mizani ya jikoni pima mara moja uone kijiko chako kinabeba nini. Sukari ya kawaida ina uzuri mmoja usiosemwa sana: ni glukosi na fruktosi nusu kwa nusu. Mlango wa glukosi utumboni hujaa kwenye gramu 60 hivi kwa saa. Fruktosi ina mlango wake. Poda ya glukosi peke yake, ile ya kwenye makopo, inategemea mlango mmoja.

Jeli moja ina wanga gramu 20 hadi 25, nyingine hadi 40; soma pakiti. Ubora wake ni wepesi wa kubeba na kumeza, basi. Inahitaji maji matupu mililita 150 hadi 200. Wanaolalamika kwamba jeli "zinakataa" tumboni mara nyingi wameimeza na kinywaji cha sukari, sukari mbili zikakutana. Tende tano za kawaida zilizotolewa kokwa zinakupa karibu gramu 30, bei haifanani hata kidogo. Shida ni kutafuna huku unahema. Kwa anayekimbia kilomita moja kwa dakika sita au zaidi, tende zinafanya kazi. Anayekimbia kwa dakika nne atazitema. Ndizi, gramu 25 hivi, iko kundi la tende.

Kwa saa moja, basi, chagua jeli mbili na maji, au nusu lita ya mchanganyiko na ndizi moja. Anza dakika ya 30 hadi 40, mwili ukiwa bado na nguvu. Anayesubiri achoke ndipo ale amechelewa, kwa sababu tumbo la mtu aliyechoka hupokea kidogo. Na utumbo hufundishika: fanya mazoezi ya kula njiani kila mbio ndefu kwa wiki sita, ukipanda kutoka gramu 30.

Kuhusu maji, jipime. Pima uzito bila nguo kabla na baada ya saa moja ya kukimbia bila kunywa. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho. Mombasa au Dar mwezi wa Februari tofauti inaweza kuwa zaidi ya lita. Iten, kwenye mita 2,400, huenda isifike nusu. Kunywa kulingana na kiu, usipoteze zaidi ya asilimia 2 hadi 3 ya uzito, na usirudi na uzito ulioongezeka. Maji matupu kupita kiasi huzimua sodiamu ya damu: vidole huvimba, kichwa huuma, mtu hutapika na kuchanganyikiwa. Hatari hii huwapata zaidi wakimbiaji wa polepole, wanaosimama kila meza ya maji kwa saa tano. Mtu wa namna hiyo usimpe maji zaidi. Mpeleke kwa daktari wa mbio.

Baada ya mbio

Ukiwa na mazoezi mengine ndani ya saa nane, kula wanga gramu 60 hadi 70 kila saa kwa saa nne za mwanzo. Kama mazoezi yanayofuata ni kesho, mlo wako wa kawaida unatosha, usikimbizane na saa. Protini gramu 20 hadi 25 unazipata kwa maziwa au mtindi mililita 700, au mayai manne, au maharage yaliyopikwa gramu 300, au dagaa wakavu gramu 40. Maziwa yaliyoganda, mursik ikiwemo, huwafaa wanaosumbuliwa na laktosi kwa sababu bakteria wameshaila sehemu yake. Dagaa tunawapa alama za juu kuliko poda za protini: wana kalsiamu ya mifupa na chuma, bei ya sokoni. Poda haina ubaya wa lishe, ila kwa anayepimwa dawa zilizokatazwa michezoni kuna hatari ya mchanganyiko usioandikwa kwenye kopo, na kanuni humwajibisha mwanariadha kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake.

Chai pamoja na chakula

Sukari ya chai ni rafiki. Majani ya chai, yakinywewa na maharage na mboga, ni tatizo: tanini hushika madini ya chuma ya mimea na kuyazuia yasifyonzwe. Mkimbiaji hupoteza chuma kwa jasho na kwa chembe nyekundu zinazopasuka kwenye kishindo cha nyayo. Mwanamke huongeza ya hedhi. Sogeza chai saa moja kabla ya mlo au saa moja baada yake, na weka kachumbari yenye ndimu au chungwa palipokuwa na kikombe, kwa sababu vitamini C hufanya kinyume cha tanini. Maini au nyama nyekundu mara moja au mbili kwa wiki husaidia zaidi ya rundo la mchicha. Vidonge vya chuma usivianze kabla ya kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini. Na mwanamke ambaye hedhi imekosekana miezi mitatu huku mazoezi yakiongezeka, akiwa si mjamzito, mara nyingi anakula kidogo kuliko anachounguza. Amwone daktari kabla mifupa haijapasuka.

Mwezi wa Ramadhani

Saa zikigeuka, chaguo nazo hugeuka. Kukimbia dakika 40 kabla ya futari kunafaa kwa mwendo mwepesi tu, kwa kuwa maji yako karibu. Mazoezi makali au marefu yaweke saa moja na nusu hadi mbili baada ya futari nyepesi: tende tatu hadi tano, maji, uji mwepesi, futari nzito iwe baada ya kurudi, na viazi vya nazi na sambusa zisubiri hapo. Kwa daku, dona, maharage na uji wa ulezi tulivyoviweka kando au kuvitilia shaka juu vinarudi kwa heshima, kwa sababu sasa unataka hasa chakula kinachokaa tumboni. Ongeza yai au mtindi, chumvi ya kawaida kwenye chakula, na maji kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku badala ya lita nzima dakika ya mwisho, ambayo nyingi yake itatoka kwa mkojo kabla ya saa mbili asubuhi.